Adam Vinatieri alidumuje misimu 24 NFL? Mguu, kichwa, holda au paa?

#1 Mzee wa Yadi
Salaam wadau. Adam Vinatieri, kika (mpiga mashuti ya goli), aliingia NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, mwaka 1996 bila kuchaguliwa kwenye drafti (mgao wa wachezaji wapya), akitokea South Dakota State na kupitia Amsterdam Admirals huko Ulaya. Mechi yake ya mwisho ilikuwa msimu wa 2019. Hiyo ni misimu 24. Pointi 2,673, fildi goli (mashuti yanayopita juu ya mwamba kati ya nguzo) 599 kati ya mashuti 715, Super Bowl (fainali ya ligi) nne: tatu akiwa New England Patriots, moja akiwa Indianapolis Colts. Hakuna mtu aliyefunga pointi nyingi kumzidi kwenye ligi ile.

Na kazi ya kika ni ya kukaa na begi mlangoni. Timu ina wachezaji 53, kika ni mmoja tu na hana wa kumpokea. Akikosa mashuti mawili matatu ya karibu, Jumanne inayofuata unasikia vijana wanne wameitwa kwenye majaribio, na Jumatano jina lake halipo. Wengi hawadumu.

Dai langu: Vinatieri hakuwa na mguu mzito kuliko wenzake. Alidumu kwa sababu mpigo wake ulikuwa mfupi na ulikuwa uleule kila siku. Anayepinga aje na hoja.

#2 Chalii wa Nguzo
Mkuu umesahau shuti la theluji dhidi ya Raiders, lile lililowapa Patriots ushindi. Yadi 45 kwenye theluji ya kufika kifundoni. Huo si mpigo mfupi, hicho ni kichwa kigumu. Mambo ya ufundi yaje baadaye.

#3 Binti Kilindini
Chalii, turekebishe kwanza. Shuti la yadi 45 halikuleta ushindi. Lilisawazisha 13-13 zikiwa zimebaki sekunde 27, Foxboro, Januari 19, 2002. Ushindi wa 16-13 ulipatikana muda wa nyongeza kwa shuti la yadi 23.

Na ukiyatazama kwa makini, mashuti hayo mawili hayakupigwa katika hali moja. La kwanza hakukuwa na nafasi ya kusafisha theluji. Akafupisha hatua, akakanyaga kwa wayo mzima badala ya kisigino, mpira ukatoka chinichini kama jiwe la kombeo na kuvuka mwamba kwa shida. La pili, Raiders waliomba taimauti ili kumchanganya. Patriots wakaitumia taimauti hiyohiyo kuondoa theluji pale mpira utakapowekwa. Shuti la pili alipigia kwenye nyasi.

Kwa hiyo hata hilo la theluji linamuunga mkono Mzee wa Yadi: kika mwenye mbio ndefu na mzungusho mkubwa angeteleza hatua ya pili.

#4 Mnazi wa Indy
Nyote mnamtazama mpigaji na kusahau kuwa fildi goli ni kazi ya watu watatu. Snapa anarudisha mpira yadi 7 au 8 nyuma, holda anaudaka, anausimamisha, anageuza nyuzi zitazame goli, ndipo kika apige. Tangu mpira uondoke mkononi mwa snapa hadi uguswe na mguu ni kama sekunde 1.3. Ukifika 1.4 mabeki wa pembeni wameshafika.

Snapa mzuri anahesabu mizunguko. Anajua mpira wake ukisafiri umbali uleule kwa nguvu ileile utafika kwenye viganja vya holda nyuzi zikiwa upande uleule. Zikifika vibaya, anabadilisha namna ya kushika mpira au holda anasogea inchi chache. Nyuzi zikimtazama kika, mguu unagonga sehemu yenye uvimbe na mpira unayumba hewani. Kumbukeni Blair Walsh wa Vikings, Januari 10, 2016, dhidi ya Seattle. Yadi 27 tu, baridi kali, Vikings wakalala 10-9. Rudia picha uone nyuzi zilikuwa upande gani.

Vinatieri alipata bahati ya watu waliokaa. Foxboro alikuwa na snapa Lonie Paxton na holda Ken Walter. Indianapolis akashikiwa mpira na Pat McAfee kuanzia 2009 hadi 2016. Misimu minane mikono ileile! Nani hatafunga?

#5 Fundi Njumu
Mnazi, snapa na holda wanampa kika nafasi, hawampigii. Ngoja niweke ufundi mezani, kwa mpigaji wa mguu wa kulia.

Anasimama pale mpira utakapowekwa, anarudi hatua tatu kwa mstari wa goli, kisha hatua mbili kushoto. Anabaki ametazama mpira kwa mshazari. Mbio zenyewe ni kihatua kidogo cha kuanzia na hatua mbili kamili. Hatua ya mwisho ndiyo inayoamua, kwa sababu ndiyo inayoweka mguu wa kusimamia.

Mguu huo unatua ubavuni mwa mpira, ukiacha nafasi ya upana wa wayo mmoja au zaidi kidogo, na vidole vinaelekea goli. Ukitua mbele mno, unaugonga mpira juu ya katikati, unatoka chini na kukutana na mikono ya mabeki. Ukitua nyuma mno, unaufuata mpira kwa kunyoosha mguu, mwili unalala nyuma, nguvu inapotea. Ukitua mbali ubavuni, unagusa kwa vidole na mpira unakata kushoto. Ukitua karibu mno, paja halina pa kupita, mpira unasukumwa kulia.

Pa kugongea ni mfupa mgumu juu ya wayo kwa upande wa ndani, kifundo kikiwa kimekazwa, chini kidogo ya katikati ya mpira. Ukisikiliza makika wazuri wakifanya mazoezi, mlio ni mmoja, mzito, kama kofi kwenye begi la ngozi. Mlio ukiwa mwepesi, mguu umegusa pembeni.

Vinatieri ukimtazama mwaka 1998 na ukimtazama 2014, hatua zake zinalingana. Hapo ndipo siri ilipo.

#6 Nuru77
Asanteni kwa darasa. Swali la mgeni: hizi yadi zinahesabiwaje? Timu ikiwa kwenye mstari wa 30 naona wanasema shuti la yadi 47 au 48. Na rekodi si ile ya Justin Tucker, yadi 66?

#7 Mzee wa Yadi
Karibu Nuru77. Mpira ukianzia mstari wa 30 unaongeza yadi 10 za eneo la nyuma ambako goli limesimama, kisha yadi 7 au 8 ambazo mpira unarudishwa kwa holda. Jumla 47 au 48. Goli lilirudishwa mwisho wa uwanja mwaka 1974. Kabla ya hapo lilikuwa kwenye mstari wenyewe, kwa hiyo fildi goli zilikuwa rahisi kufikiwa.

Goli lina upana wa futi 18 na inchi 6, kama mita 5.6. Mwamba uko futi 10 juu ya ardhi.

Rekodi si ya Tucker tena. Yake ya yadi 66 ilikuwa Septemba 26, 2021, Detroit, mpira ukadunda juu ya mwamba na kuingia. Cam Little wa Jacksonville Jaguars akaivunja Novemba 2, 2025, Las Vegas: yadi 68, karibu mita 62.

#8 Sadala wa Minneapolis
Hayo yote ni maneno mazuri, lakini hesabu zinasema jambo jingine. Patriots, misimu 10 kwenye upepo na baridi ya Foxboro: 263 kati ya 321, asilimia 81.9. Colts, misimu 14, mechi za nyumbani chini ya paa: 336 kati ya 394, asilimia 85.3. Mtu anazeeka huku asilimia inapanda. Huyo amesaidiwa na paa.

Baridi si ya mtu kutetemeka tu. Mpira unatakiwa uwe na mgandamizo wa psi 12.5 hadi 13.5. Hewa ya ndani ikipoa mgandamizo unashuka, ngozi inakakamaa, na ule mrudisho mguu unapougonga unapungua. Kika aliyekuwa na uhakika wa yadi 52 mwezi wa tisa anajikuta anaombea 46 mwezi wa kumi na mbili. Ongeza upepo wa ubavuni, ambao unamlazimisha kulenga nje ya nguzo ili mpira urudi ndani. Chini ya paa hayo yote hayapo.

Na hata yale mashuti mawili ya Super Bowl yanayosifiwa, yadi 48 dhidi ya Rams mwaka 2002 na yadi 41 dhidi ya Carolina mwaka 2004, la kwanza lilipigwa ndani ya Superdome na la pili kwenye uwanja wa Houston wenye paa.

#9 Binti Kilindini
Sadala, tofauti ya asilimia tatu na kitu usiipe paa peke yake. Ligi nzima ilikuwa inapanda. Miaka ya 1960 makika walifunga zaidi kidogo ya nusu ya mashuti yao, leo ni zaidi ya asilimia 80. Mwaka 1996 na mwaka 2014 si kipimo kimoja.

Pili, huyo aliyekuwa chini ya paa hilohilo kabla yake yuko wapi? Mike Vanderjagt. Mwaka 2003 alipiga fildi goli 37 za msimu wa kawaida bila kukosa hata moja. Wakati anaondoka Indianapolis alikuwa kika mwenye asilimia kubwa kuliko wote katika historia ya ligi. Januari 15, 2006 akakosa shuti la yadi 46 la kusawazisha dhidi ya Pittsburgh, Colts wakatolewa 21-18 wakiwa nyumbani, ndani ya paa. Miezi michache baadaye Colts wakamleta Vinatieri. Vanderjagt akaenda Dallas, na kabla msimu haujaisha akatemwa.

Paa lilikuwa moja, watu wawili, na mmoja tu ndiye aliyedumu.

#10 Chalii wa Nguzo
Dada Binti Kilindini leo umeamka na faili zima 😂 Sadala jibu sasa.

#11 Mchambuzi Huru
Mimi naona mnazunguka pembeni. Kinachoamua urefu wa kazi ya kika ni uvumilivu wa klabu. Shuti lililokosa lina bei tofauti kwa watu tofauti.

Billy Cundiff wa Baltimore alikosa yadi 32 kwenye nusu fainali dhidi ya Patriots, Januari 22, 2012. Agosti ya mwaka huo akatemwa, nafasi ikachukuliwa na Justin Tucker, kijana ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti. Kwa upande wa pili, Sebastian Janikowski alichaguliwa na Raiders raundi ya kwanza mwaka 2000, namba 17. Alianza kwa kukosakosa, lakini klabu iliyotumia raundi ya kwanza kwa kika haiwezi kumtupa mwaka wa pili. Akakaa nao hadi 2017.

Halafu Roberto Aguayo: Tampa Bay walipanda kwenye foleni ya drafti kumchukua raundi ya pili mwaka 2016. Akafunga 22 kati ya 31, mwaka uliofuata kabla ya msimu wakamtema.

Vinatieri mwanzo wake wa 1996 ulikuwa mbaya. Bill Parcells alikuwa amempa nafasi ya mkongwe Matt Bahr, na wiki za mwanzo mashuti yalikuwa hayaingii. Kocha mwingine angemrudisha nyumbani mwezi wa tisa na leo tusingekuwa na huu uzi. Baada ya 2002 alikuwa na akiba ya jina: akikosa, watu walisema kateleza. Akikosa mwingine, watu wanasema kaisha.

#12 Sadala wa Minneapolis
Kumbe Aguayo anakanusha hoja yako mwenyewe. Raundi ya pili, na hakuvumiliwa.

#13 Mchambuzi Huru
Sadala, nimemweka makusudi, kwa sababu uvumilivu una kikomo. Alikosa hata ekstra pointi (shuti la pointi moja baada ya tachidauni, yaani bao la kuufikisha mpira eneo la mwisho), na hizo tangu 2015 zinapigwa kutoka yadi 33. Kocha akianza kuogopa yadi 33, anabadilisha mpango mzima wa mechi. Hapo hata jina halisaidii.

Ukitaka mfano wa kuonewa, mchukue Cody Parkey wa Chicago. Januari 6, 2019, yadi 43 dhidi ya Eagles, mpira ukagonga nguzo, ukagonga mwamba, ukarudi uwanjani. Bears 15, Eagles 16. Akatemwa.

#14 Fundi Njumu
Nyongeza kwa Parkey: mpira ule uliguswa na kidole cha beki wa Eagles, Treyvon Hester, na ligi ikauandika kuwa umeblokiwa. Lakini mwezi wa kumi na moja kabla ya hapo, dhidi ya Detroit, alikuwa amegonga nguzo mara nne kwenye mechi moja. Kugonga nguzo mara nne maana yake unapiga kwa ubora uleule na kulenga vibaya kwa ukubwa uleule. Hilo ni kosa la mguu wa kusimamia, kama nilivyoandika #5.

#15 Kapteni Mvita
Mbona hamumtaji Mwafrika? Gary Anderson, yule Mnigeria wa Vikings. Mwaka 1998 hakukosa kitu, halafu akakosa moja.

#16 Binti Kilindini
Kapteni, Gary Anderson ni wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Parys na kukulia Durban. Wanigeria ni wengine: Obed Ariri na Donald Igwebuike, wote walisoma Clemson na wote wamewahi kuwa makika wa Tampa Bay.

Ila hoja yako ni nzuri. Anderson msimu wa kawaida wa 1998 alifunga fildi goli 35 kati ya 35 na ekstra pointi 59 kati ya 59. Januari 17, 1999, dhidi ya Atlanta, ndani ya paa la Metrodome, shuti ambalo lingefunga hesabu likapita pembeni. Atlanta wakasawazisha, na muda wa nyongeza Morten Andersen, Mdenmark, akafunga kwa yadi 38. 30-27. Anderson aliendelea kucheza hadi 2004, akafikisha misimu 23. Shuti moja halikummaliza.

#17 Mnazi wa Indy
Na huyo Morten Andersen ndiye aliyecheza mechi nyingi kuliko yeyote NFL, 382, hadi akiwa na miaka 47. Wadenmark, Wanorwe, Wahungaria ndio waliobadilisha kazi hii. Pete Gogolak, Mhungaria, aliingia Buffalo mwaka 1964 akipiga kwa mshazari kama mchezaji wa soka. Kabla yake watu walipiga kwa ncha ya kiatu, kwa mstari ulionyooka. Mark Moseley ndiye kika wa kudumu wa mwisho wa mtindo ule wa zamani, alistaafu 1986, na hadi leo ndiye kika pekee aliyewahi kupewa MVP (mchezaji bora) ya ligi, msimu wa 1982.

#18 Fundi Njumu
Turudi kwenye hoja. Kuna jambo hakuna aliyeligusa: mipira ya kuanzisha mchezo. Fildi goli unapiga kwa mizani. Mpira wa kuanzisha unaupiga kwa mbio ndefu na nguvu zote, mwili mzima unaruka. Ndio unaokula nyonga, kinena na kiuno. Indianapolis Vinatieri aliondolewa mzigo huo. Kuanzia 2009 McAfee ndiye aliyeanzisha. Hesabu mwenyewe: mechi moja timu inaweza kuanzisha mara tano sita, zidisha misimu. Mamia ya mapigo mazito hayakupita kwenye nyonga yake.

Mimi naamini hili linazidi paa.

#19 Kapteni Mvita
Asante kwa sahihisho Binti. Na kwa vile umetaja kuanzisha, Fundi: Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga, alikuwa Colts 2013 kwenye kikosi cha kukimbilia mipira hiyo ya McAfee. Yeye na Vinatieri walivaa jezi moja. Yule kijana alikuwa na mbio jamani.

#20 Chalii wa Nguzo
Tena Vinatieri mwenyewe alikuwa anakaba. Desemba 1996, akiwa mgeni, alimkimbiza Herschel Walker wa Dallas aliyekuwa anarudisha mpira, akamshika na kumwangusha. Herschel Walker aliwahi kushindana Olimpiki ya msimu wa baridi, kwenye kigari cha barafu! Parcells akamkubali siku ile. Hoja yangu ya kichwa kigumu bado imesimama, msinizungushe.

#21 Nuru77
Naomba msaada tofauti kidogo. Mchezaji wa soka mwenye shuti zuri anahamaje? Nasikia Brandon Aubrey alitoka soka.

#22 Fundi Njumu
Aubrey alichezea Notre Dame, akachaguliwa raundi ya kwanza ya drafti ya MLS (ligi ya soka ya Marekani) 2017 na Toronto. Soka ikakwama, akawa mhandisi wa programu, akaanza kujifunza fildi goli ukubwani. Akapita USFL, ligi ndogo ya futiboli, na Birmingham Stallions, mwaka 2023 akaingia Dallas Cowboys na kufunga mashuti 35 mfululizo tangu siku ya kwanza, rekodi ya ligi kwa anayeanza. Mwaka 2024 akafunga yadi 65.

Mtu wa soka anakuja na nguvu. Anachotakiwa kuacha ni mambo matatu. Kwanza, soka inakufundisha kuinama juu ya mpira ili usipae. Hapa unataka upae mapema uvuke mikono ya mabeki waliosimama yadi 7 mbele yako. Pili, kuukunja mpira. Mpira huu una ncha, ukiupa mzunguko wa pembeni unapotea njia. Baada ya kugonga, mguu uendelee kuelekea goli, na mwili usonge mbele, usizunguke. Tatu, kuinua macho. Tazama alama uliyoichagua kwenye mpira hadi umeshaondoka.

Mazoezi: anza yadi 20 bila mbio, hatua moja tu, mashuti 10. Kisha hatua kamili, rudi nyuma yadi 5 kila baada ya mashuti matatu manne. Jumla usizidi 40 hadi 50 kwa siku, siku tatu kwa wiki. Kinena kikianza kuvuta, acha siku hiyohiyo. NFL hairuhusu kibao cha kuwekea mpira kwenye fildi goli, kwa hiyo usijizoeze nacho muda mrefu. Kitakufundisha kugonga chini kuliko inavyotakiwa.

#23 Nuru77
Nimenakili yote. Barikiwa sana.

#24 Sadala wa Minneapolis
Nirudi kwa Mnazi #4. Hoja ya holda na snapa waliokaa ina tundu. Super Bowl ya Februari 2004, Paxton alikuwa majeruhi. Aliyerudisha mpira ni Brian Kinchen, aliyeitwa Desemba akiwa anafundisha shule. Siku hiyo Vinatieri alikosa yadi 31 na shuti jingine likablokiwa. Halafu zikiwa zimebaki sekunde 4, yadi 41, akafunga, 32-29. Snapa alikuwa mgeni na bado mpira ukaingia.

#25 Mnazi wa Indy
Sadala, umenisaidia bila kujua. Snapa mgeni, mashuti mawili ya karibu yakaharibika kwenye mechi moja. Na kama unataka ubaya wa holda, Januari 6, 2007, Seattle. Tony Romo, kwotabeki (mpangaji wa mashambulizi) wa Dallas, anashika mpira kwa shuti la yadi 19, mtoto anafunga lile. Ukamponyoka. Dallas wakafa 21-20. Martin Gramatica, kika aliyechukua nafasi ya yule Vanderjagt wa #9, hakupata hata nafasi ya kuinua mguu.

#26 Binti Kilindini
Kwenye lile la Romo kulikuwa na suala la mpira wenyewe. Tangu 1999 mipira ya makika inatengwa na kupigwa chapa ya K. Ilikuwa inatoka kiwandani mipya, ina utelezi wa nta, migumu, na vilabu vilipewa muda mfupi tu siku ya mechi kuisugua kwa brashi na taulo lenye maji. Mwaka 2025 ligi ikaruhusu vilabu vipewe mipira hiyo kabla ya msimu na kuilainisha mapema. Mpira uliosuguliwa unabonyea vizuri mguu unapougonga, na una sehemu pana ya kugongea. Rekodi ya Cam Little imekuja msimu uleule wa kanuni hiyo. Kwa hiyo mnapomlinganisha Vinatieri na hawa wa sasa, yeye alipiga mipira mibichi karibu maisha yake yote.

#27 Mzee wa Yadi
Hilo la mipira sikuliweka kwenye hesabu zangu, nakubali.

Ila mtazame mwisho wake. 2019: fildi goli 17 kati ya 25, ekstra pointi 22 kati ya 28. Holda alikuwa mzuri, Rigoberto Sanchez. Paa lilikuwepo. Klabu ilimvumilia hadi wiki ya mwanzo ya Desemba, alipopiga dhidi ya Tennessee na shuti moja likablokiwa na kurudishwa hadi tachidauni. Kuanzisha alikuwa haanzishi. Kwa hiyo mambo yote mliyoyataja yalikuwepo, na bado mpira hauingii. Kilichobadilika ni goti la kushoto, mguu wa kusimamia, ambalo alifanyiwa upasuaji mwezi huohuo.

#28 Fundi Njumu
Naam, mzee wangu. Goti la kusimamia likiuma, mwili wenyewe unalikwepa. Unatua sentimita chache mbali na mpira, au unanyanyuka kabla hujagonga. Kwa macho ya kawaida huoni tofauti, kwenye nguzo unaiona.

#29 Mchambuzi Huru
Na mimi nauliza: kijana wa miaka 23 mwenye 17 kati ya 25 na ekstra pointi sita zilizokosa angefikishwa Desemba? Mshahara wa chini wa mgeni mwaka 2025 ulikuwa dola 840,000, ukilipwa kwa wiki 18, kama dola 46,700 kwa wiki, na wiki ukitemwa mara nyingi ndiyo ya mwisho kulipwa. Klabu haina hasara kubwa ikimwondoa. Angeondoka mwezi wa tisa.

#30 Chalii wa Nguzo
Hata mechi ya kwanza ya msimu huo, dhidi ya Chargers, alikosa fildi goli mbili na ekstra pointi moja. Na wiki ya pili, Tennessee, ekstra pointi mbili zikapotea. Watu walikuwa wanasubiri atangaze kustaafu Jumatatu. Akarudi mazoezini.

#31 Sadala wa Minneapolis
Chalii, kwenye mechi ya Chargers walicheza nje, jua la California, hakuna paa. Nasema tu.

#32 Binti Kilindini
Sadala, na Tennessee pia ni nje. Sasa leta orodha ya mashuti yake ya 2019, nyumbani na ugenini, kwa yadi, tuyapitie moja moja. Mimi naleta ya 2004 na Patriots, 31 kati ya 33, akiwa Foxboro.